Vuta Mpira Uone

Mizani ya machimbo ya dhahabu ya mashariki ya Kongo haina mawe. Upande mmoja huwekwa punje za dhahabu, upande wa pili njiti za kiberiti, au sarafu kuukuu ya serikali iliyokwisha kufa. Kwa mizani hiyo hununuliwa chumvi, sabuni, betri za tochi, bia na chupi. Chupi hutundikwa kwenye kamba mbele ya kibanda cha turubai, nyeusi na nyekundu kuliko rangi nyingine, maana nyeupe haimalizi siku mbili penye tope. Mnunuzi haanzi na bei. Hushika kiuno cha nguo kwa vidole gumba, akauvuta mpira, kisha akauachia.

Omate ni chimbo la namna hiyo, ndani ya msitu wa Walikale, Kivu Kaskazini. Dunia ililisikia jina lake Novemba 2010, Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilipoeleza jinsi kampuni mbili, Geminaco na Socagrimines, zilivyoligombania, na jinsi jina la Jenerali Gabriel Amisi, mkuu wa jeshi la nchi kavu wakati huo, lilivyotajwa katika ugomvi huo. Ripoti za aina hiyo ni hodari wa kufuata gramu: nani alilinda shimo, nani alipewa fungu, dhahabu ilitokea mpaka gani. Mwanamke aliyewauzia sabuni hao wote hana ukurasa wake.

Nguo ya ndani yenyewe huingia katika maandishi ya Walikale kwa mlango mmoja tu, wa ubakaji. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 300 waliobakwa katika vijiji vya wilaya hiyo, Luvungi kikiwa ndicho kilichotajwa zaidi. Jambo hilo ni la kweli na halifai kupitwa kimya. Lakini wanawake wa Walikale walikuwa wanunuzi na wachuuzi kabla ya usiku ule, na asubuhi zilizofuata pia. Mimi leo napita mlango wa duka, kwa sababu tangu tujifunze kuizungumzia nguo hii tumeizungumzia kama suala la aibu, na ukikaa karibu na ile kamba ya kibandani dakika kumi tu utagundua kwamba linalosumbua ni bei.

Hebu tufuate dazeni moja. Kusini mwa China, jimbo la Guangdong, upo mji wa Gurao, karibu na Shantou, ambako sidiria ndizo kilimo chao. Dazeni inaweza kuwa imeshonwa pale. Inapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, inapita Kampala au Kariakoo, inavuka mpaka na kufika Goma, mtaa wa Birere, ambako maduka yamebanana kama meno. Kutoka Birere hadi Walikale barabara ya Sake na Masisi ipo kwenye ramani. Mvua na bunduki ndizo zinazoamua kama ipo kweli. Ndiyo maana miaka ya 2000 palizuka jambo la ajabu pale Kilambo, Walikale. Kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa uwanja wa ndege, ndege ndogo zikitua kuchukua kasiteriti, madini ya bati, ya chimbo la Bisie na kuipeleka Goma. Zilipokuja hazikuja tupu. Bia, mchele, sabuni na nguo zilikaa mahali ambapo magunia ya madini yangekaa wakati wa kurudi. Kutoka hapo mzigo ulipanda migongoni. Kila aliyeugusa aliongeza chake juu yake, na kila kizuizi cha njiani, cha askari au cha wanamgambo, kilidai haki yake. Nguo inayonunuliwa Guangdong kwa dazeni hufika msituni ikiuzwa mojamoja.

Kwa hiyo mchimbaji analipa zaidi kwa chupi ya mkewe kuliko karani wa Nairobi, na chupi ni ileile. Hapo ndipo ninapoona wanaosema wanawake wa vijijini "hawana mwamko" wa usafi wameshika kitabu upande usio wake.

Kabla ya Guangdong palikuwa na gome. Jamii za msitu wa mashariki ya Kongo ziligonga magome ya miti mpaka yakalainika kama kitambaa. Wambuti wa Ituri walikipitisha kipande cha gome kati ya mapaja na kukifunga kwa kamba kiunoni. Kiswahili kina neno la vazi la mtindo huo, uwinda, na kuna watu waliokuwa wakipiga uwinda kwa nguo ya pamba pwani hadi juzijuzi, wavuvi hasa. Chini ya nguo, juu ya ngozi, zilikuwepo shanga. Mwanamke wa pwani au wa bara aliyevaa shanga kiunoni alikuwa na nguo ya ndani isiyofunika chochote na yenye kusema mengi. Wamisionari walipokuja na kuuliza kama wanawake hawa wamevaa kitu, swali lilikuwa limekosewa tangu mwanzo.

Pamba ilifika bara migongoni mwa wapagazi. Karne ya 19 kitambaa kilichotawala njia za misafara kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi, viwanda vya Bombay vikaziba pengo. Merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono, zikalipia pembe za ndovu na watu, zikaenda hadi Ujiji, Nyangwe na Kasongo, milki za kina Tippu Tip. Maniema ni jirani wa Walikale. Kiswahili kilichoitwa Kingwana kiliingia misitu hii kwa njia hiyohiyo, pamoja na kitambaa na minyororo. Tukiongea Kiswahili leo Walikale na Masisi, tunaongea lugha ya msafara uliobeba shuka.

Unguja nao walikuwa na mambo yao. Wanawake wa jumba la Sultani walivaa suruali zenye marinda zilizochungulia chini ya kanzu. Binti Sayyida Salme, aliyeondoka kisiwani 1866 na kuolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, aliyaeleza mavazi ya kwao katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani 1886. Alikuwa ameondoka penye suruali pana na kutua Hamburg, katika Ulaya ya koseti, vazi lililofungwa kwa mifupa ya nyangumi na vyuma mpaka mwenye nalo akapumua kwa mahesabu. Nani hapo aliyekuwa amestaarabika? Naliacha swali hapo.

Maneno yenyewe yanasimulia bandari zake. Sidiria inatoka kwenye neno la Kiarabu la kifua. Shimizi ni chemise ya Wafaransa iliyovuliwa viatu na kuketishwa mkekani. Gagulo linafanana mno na ghagra, sketi ya Wahindi wa Gujarat, kuwa bahati tu. Ukivuka kwenda Goma au Bukavu, Mbelgiji anasikika: silipi, sutie, kaleso, jipo, kombinezo. Kolani, ambayo Mtanzania huiita taiti, imekuwa nguo ya lazima kwa mwanamke wa Kivu anayepanda pikipiki, maana liputa, kitenge cha kujifunga kiunoni, hufunguka kwa upepo na safari ni ndefu. Nadhani hakuna kabati lenye historia ya ukoloni iliyopangwa vizuri kama droo ya chini ya mama wa Kikongo.

Wabelgiji hawakuleta maneno peke yake. Walifungua vituo vilivyoitwa foyer social, kile cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kikianza 1946. Wake za makarani na mafundi walifundishwa kupika, kupiga pasi, kufuma na kushona. Walishona nguo za watoto, aproni, nguo za ndani. Lengo la serikali lilikuwa kumtengeneza mke anayestahili mume "aliyeendelea". Lakini cherehani haina itikadi. Mwanamke aliyejua kushona chupi ya mwanawe alijua kushona za jirani kwa malipo, na nikitafuta chimbuko la fundi cherehani wa kike ninayemwona kwenye baraza za miji yetu ya maziwa makuu, sehemu moja naipata humo, katika darasa lililokusudiwa kumfanya akae nyumbani.

Sidiria ya kisasa nayo ina hadithi ambayo mtu wa pwani ataitambua mara moja. Mmarekani Mary Phelps Jacob, binti wa matajiri wa New York aliyechoshwa na koseti, aliunganisha leso mbili na utepe. Novemba 1914 akapata hataza ya uvumbuzi huo, na baadaye akaiuza kwa kampuni ya koseti ya Warner kwa dola 1,500. Leso mbili! Miaka kama thelathini hivi kabla yake, wanawake wa Mombasa na Unguja walikuwa wameshaunganisha leso, zile zilizoletwa na wafanyabiashara, wakapata vazi ambalo Mombasa bado wanaliita leso na wengine kanga. Wao hawakuandikisha hataza. Waliovuna ni wenye viwanda vya Manchester, Bombay na, baadaye, Japani, waliochapa kanga kwa ajili yao.

Vita Kuu ya Kwanza ikamaliza kazi. Mwaka 1917 Marekani iliwaomba wanawake wake waache kununua koseti ili chuma kiende kwenye silaha. Mara ya kwanza, pengine, serikali kukiri kwamba kifua cha mwanamke kimekaa juu ya madini.

Kisha mpira. Kiswahili hakihangaiki: mti ni mpira, kinachochezwa uwanjani ni mpira, na kinachoshika chupi kiunoni ni mpira. Thomas Hancock wa London alipata hataza ya vifungio vya mpira vya nguo 1820. Kilichokuwa kigumu ni kupata utomvu wenyewe kwa wingi. Dunlop alipotengeneza tairi la upepo 1888, kiu ya mpira ikawa kubwa, na Mfalme Leopold II alikuwa na nchi nzima ya kuikamua. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyodumu kutoka 1885 hadi 1908, vijiji vilivyoshindwa kutimiza kiasi cha mpira vililipa kwa mateka, kwa viboko, kwa mikono iliyokatwa. Mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha 1904 ya baba mmoja, Nsala wa Wala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Mpira mwingi wa enzi hiyo ulikwenda kwenye matairi na mabomba, sehemu nyingine ikafumwa ndani ya mikanda ya soksi na viuno vya nguo ambavyo Ulaya ilikuwa imeanza kuviona vya kawaida. Mpira wa Kongo ulipita chini ya nguo za watu ambao hawakuwahi kujiuliza ulitoka wapi. Baadaye mashamba ya Malaya na Ceylon yakaua biashara ya mpira wa mwituni, nailoni ikaja mwisho wa miaka ya 1930, na 1958 Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont akapata uzi unaonyumbuka uliokuja kuitwa Lycra. Chupi ya kibandani Omate huenda haina tone la utomvu wa mti. Bado mnunuzi anauita mpira.

Serikali huru zilipoingia, zilishughulika na nguo ya nje. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Januari 1969 kampeni ya Operesheni Vijana dhidi ya minisketi, mawigi na suruali za kubana. Idi Amin alipiga marufuku mini Uganda 1972. Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, katika siasa yake ya uhalisi ya miaka hiyo, aliwavua wanaume tai na kuwavisha koti la abacost, na wanawake wakakatazwa suruali, mini na wigi, wavae liputa. Serikali hizi tatu hazikufanana katika mengi, lakini zilikubaliana kwamba taifa linakaa kwenye magoti ya mwanamke. Hakuna hata moja iliyoweka ruzuku kwenye chupi.

Suala la ndani lilirudi pamoja na mitumba. Viwanda vya nguo vya kanda vilipokufa au kudhoofika, na masoko yakafunguliwa miaka ya 1980 na 1990, mabalo ya nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani yalifurika. Kuna waliozipa jina lenye ukatili wake: kafa Ulaya. Rwanda na upande wa Goma wakaita chagua, kwa sababu ndicho unachofanya, unainama juu ya rundo na kuchagua. Rais Museveni alipotangaza Agosti 2023 kwamba nguo hizi ni za Wazungu waliokufa na kwamba hazitakiwi Uganda, alikuwa anarudia utani wa sokoni uliomtangulia kwa miongo.

Ndani ya balo hilo kulikuwa na sidiria na chupi. Shirika la Viwango Tanzania lilizipiga marufuku nguo za ndani zilizotumika kwa kiwango cha mwaka 2003, na maofisa wake wamekuwa wakipita masokoni mara kwa mara kuzikamata na kuziteketeza. Ghana ilikuwa na sheria yake tangu 1994, ikaanza kuisimamia kwa nguvu 2011. Zimbabwe ilifuata Desemba 2011, Waziri wa Fedha Tendai Biti akiwalaumu wanaume ambao wake zao hununua chupi za mtumba: kwa maneno yake, mume wa namna hiyo ameshindwa kazi. Kauli hiyo ilichekesha wengi. Mimi inanikumbusha kwamba waziri wa fedha alipewa nafasi ya kuzungumzia bei akaamua kuzungumzia ndoa.

Sababu za kiafya zinazotolewa si za kupuuza. Nguo inayogusa sehemu za siri huweza kubeba fangasi na vimelea vya ngozi. Lakini nenda kwa mama anayeuza sidiria za mtumba mtaani, utaona wateja wake hawaji kwa ujinga. Sidiria iliyotumika mara ishirini na mama wa Ubelgiji mara nyingi bado ina waya, vibanio vitatu na mikanda isiyonyong'onyea, na ina saizi ya kweli. Mwanamke mwenye kifua kikubwa anajua kwamba ile mpya ya bei rahisi imeshonwa kwa kudhani wanawake wote duniani ni mabinti wa miaka kumi na saba. Ya mtumba ataichemsha, ataifua kwa sabuni, ataianika, na itamvusha misimu. Mpya itanyooka kabla mwezi haujaandama.

Vita dhidi ya mitumba yote ilionyesha makali yake mpakani. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana 2016 kuondoa mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, Washington ikatikisa fimbo ya AGOA, mpango wake wa nafuu za ushuru kwa Afrika, na nchi moja baada ya nyingine ikalegea. Rwanda ikakataa. Ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba 2016 kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na 2018 Marekani ikasimamisha nafuu za nguo za Rwanda. Matokeo yake Goma yalikuwa biashara. Goma na Gisenyi ya Rwanda ni mji mmoja uliokatwa kwa kizuizi, na kwenye ile Petite Barrière watu kwa maelfu huvuka kwa miguu kila siku, wengi wao wanawake wenye mabeseni. Chagua iliyokuwa halali Goma ikawa magendo hatua mia mbele, na nguo zilivuka gizani, ziwani, na mwilini: mtu anavaa tabaka juu ya tabaka, anavuka mnene na kurudi mwembamba. Kongo ilitia saini kujiunga na Jumuiya hiyo Aprili 2022. Kizuizi bado kipo.

Mwilini ndipo pia panapokaa pesa, na hapa Kiswahili kilishatangulia. Tunasema mtu "ametia kibindoni" tukimaanisha amepata faida. Magazeti ya michezo huandika hivyo kila Jumatatu kuhusu timu zilizolipwa. Kibindo ni ule mkunjo wa nguo kiunoni ambamo mtu alificha akiba. Liputa na kanga zina pindo lake. Sidiria ilipoingia ikawa kibindo kipya, kilicho juu zaidi, karibu na macho ya mwenyewe, na kigumu kwa kibaka kukifikia bila kelele. Muuza samaki wa Kituku, ufukoni mwa Ziwa Kivu, hugeuka kando kidogo, akaingiza vidole viwili na kutoa chenji yenye joto. Mchuuzi wa machimboni ana sababu zaidi. Kwenye kizuizi anaulizwa mfuko, anafunguliwa mzigo. Noti za likelemba, mchango wa zamu wa wanawake kumi au kumi na wawili, hazimo mfukoni.

Upekuzi nao umeifuata pesa huko. Mtu anayetoka penye dhahabu hushukiwa kwamba amebeba dhahabu, na mwanamke anayepekuliwa na wanaume wenye silaha, mahali pasipo na mtu wa kumlalamikia, hapekuliwi dhahabu peke yake. Wanawake hutembea kwa makundi. Huvaa kolani chini, jipo, yaani gagulo, juu yake, liputa juu ya jipo. Mtu wa mjini akiona anadhani ni heshima ya kijijini.

Huduma za pesa za simu zilipofika, M-Pesa ikianza Kenya 2007 na Kongo miaka michache baadaye, palitabiriwa kifo cha kibindo. Lakini Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, noti zikaadimika na zile zilizochakaa zikaanza kukataliwa. Machi mwaka huohuo wapiganaji walifika hadi mji wa Walikale kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika miezi hiyo, mama aliyekuwa na noti safi kifuani alikuwa na benki iliyo wazi.

Kuna jambo jingine linalohusu maji na jua. Nyumbani kwetu kamba ya kuanikia ilikuwa na sheria. Mashuka mbele, nguo za shule katikati, na chupi nyuma kabisa, chini ya kanga iliyotandazwa juu yake ili mgeni asione. Hakuna aliyetueleza sababu. Tulijua tu kwamba chupi ya mwanamke ikiota jua hadharani ni kama mwenyewe ametoka bila nguo. Wauguzi wanasema kinyume: ianikwe juani, ikauke kabisa, maana unyevu ndio rafiki wa fangasi. Katika msitu wa Walikale, ambako mvua haiheshimu majira, chupi iliyofichwa chini ya kikwembe inaweza kumaliza siku mbili ikiwa bado mbichi. Halafu yupo yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, buu wake akaingia ngozini na kuvimba kama jipu. Dawa yake ni pasi ya mkaa, mshono kwa mshono. Mkaa nao hununuliwa. Mwenye chupi mbili hana subira ya jua wala pesa ya mkaa. Anavaa mbichi.

Nataja idadi ya chupi kwa makusudi. Kampeni za hedhi zimekuwa na kishindo katika kanda hii. Kenya ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike 2004, na 2017 ikaweka sheria ya kuzigawa bure shuleni. Tanzania ilifuta kodi hiyo 2018, ikairudisha mwaka uliofuata bei ya dukani iliposhindwa kushuka. Ni vita halali. Lakini taulo ya kike, iwe ya kutupa au ya kufua, haijishiki yenyewe. Imetengenezwa ikitarajia chupi yenye mpira ulio hai. Binti aliyepewa pakiti ya taulo na chupi yake imelegea amepewa nusu ya kitu, na nusu nyingine haina kampeni, labda kwa kuwa kuipiga picha kwenye bango ni aibu. Wanaojua hili ni wale wanaofungasha misaada ya wakimbizi. Katika mifuko ambayo shirika la UNFPA huwagawia wanawake waliokimbia vita, ile inayoitwa kambini kiti ya dignité, mna sabuni, taulo na chupi. Katika kambi zilizouzunguka mji wa Goma watu kutoka Masisi walipopewa mfuko huo, baadhi ya chupi zilionekana sokoni. Kuna waliokasirika. Mimi naona mama aliyeuza chupi mbili akanunua unga amefanya hesabu ambayo mfadhili hakuifanya.

Biashara hii hufa na kufufuka kwa amri zisizoitaja. Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, tangazo lilizungumzia mtandao wa kihalifu na jeshi. Dhahabu ilitafuta vichaka na kuendelea kutoka. Mama aliyekopa mabalo mawili Birere, akayapeleka kwenye machimbo yaliyofungwa, hakuwa na kichaka. Mkopo wake haukusimamishwa.

Turudi kibandani basi. Jioni, wachimbaji wametoka shimoni, rangi yao moja na ya udongo. Mwanamke aliyekuwa anatwanga mawe mchana kutwa anasimama mbele ya kamba. Hakuja na njiti ya dhahabu; ana noti mbili za faranga zilizokunjwa mpaka zikawa kama punje ya hindi, na zimetoka palepale zinapotokaga.

"Hii ni ya chagua ao mpya?"

"Mpya, yaya. Vuta mpira uone."

Anavuta. Mpira unakwenda mbali, unarudi taratibu. Anavuta tena, anatazama mshono kwa ndani, anaipindua, anainusa. Kisha anairudisha kwenye kamba, nyuma kidogo ya ile nyekundu, na kuuliza sabuni inauzwaje.